Kurasa Kumi na Moja za Ridhaa

Dada Mwende,

Nakusalimu kutoka Birmingham, ambako mvua hainyeshi wala haikatiki. Mimi niliyejisomesha kwa kuuza mitumba nilidhani kazi ngumu imekwisha. Thubutu! Nataka kuandika tasnifu yangu juu ya jinsi chuo chetu kinavyowatumikisha wafagiaji wake, na ruhusa lazima nikaiombe kwa chuo hicho hicho. Kamati ya maadili ya utafiti imekubali kwa masharti: kila mfagiaji asaini fomu ya ridhaa yenye kurasa kumi na moja, kisha ahojiwe msimamizi wake akiwepo, eti kwa usalama wake.

Nikampelekea Mama Atieno, mfagiaji wa ghorofa yetu, mtu wa Kisumu. Mapumziko yake ni dakika kumi na tano. Kuisoma fomu ni dakika kumi na tisa, nimepima. Akaipima uzito mkononi, akacheka: "We mtoto, hii ni ya mahojiano ama unaninunulia shamba? Na mbele ya bosi nitasema nini, kwamba nampenda?"

Nikajua nimemkosa, na bila yeye wenzake hawafungui mdomo. Jana akanirudishia fomu. Amesaini! Ila pale penye "mbele ya msimamizi" amekata kwa kalamu, akaandika: "Mbele ya chapati, kwangu Sparkbrook, Jumapili tukitoka kanisani."

Kesho naiwasilisha kwa kamati hivyo hivyo. Wakikataa, nitaenda kula tu. Masikio hayaombewi ruhusa.

Nisalimie watoto mmoja mmoja, na umwambie Mama ninakula vizuri. Kuanzia Jumapili itakuwa kweli.

Mdogo wako,
Kalondu