Kanga Zilizotundikwa Uani

Lindi, mwezi wa Rajabu

Kwa dada yangu mpenzi Zuhura, Kinjumbi.

Assalaam alaykum, dada, na shikamoo yangu itangulie kabla ya neno lolote. Mguu umepata nafuu? Na mama, bado anakataa uji usio na nazi? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila kifua kinanibana asubuhi kwa vumbi la sufi.

Barua yako imefika. Umesikia ghala la jirani limeungua, unaniambia, "Mwanaisha, acha kuchambua sufi za watu, rudi nyumbani kabla hujateketea." Hukukosea kuogopa, dada. Sufi ikiguswa na cheche haiungui polepole, inalipuka. Wenzetu wale Mungu aliwanusuru, walikuwa wameshatoka kazini. Lakini nisikilize kwanza.

Baada ya moto ule, Bwana Habibu, mwenye ghala letu, alileta ndoo za mchanga, akatundika kipande cha reli mlangoni. Akasema kikigongwa sote tutoke mbio. "Nataka ghala liwe tupu kabla sijamaliza kikombe changu cha kahawa. Mkishindwa, kazi hii nawapa wanaume." Dada, mle ndani karibu wote ni wajane kama mimi. Tukitolewa tutakula wapi?

Basi siku ya kujaribu kikagongwa. Hakutoka mtu! Sisi tukiingia kazini tunavua kanga zetu na mabuibui, tunayatundika kwenye misumari kando ya mlango, tunabaki na matambara, vichwa wazi kwa joto, maana ndani ni wanawake watupu. Na nje ya mlango ni barabara, wapagazi wa marobota wamejaa tele. Nani atoke vile? Tukarundikana pale misumarini. "Hiyo yangu!" "Yako ina pindo jekundu, lete hapa!" Bi Hadija, mkubwa wetu, akasimama katikati ya mlango anajifunga taratibu kama anakwenda harusini.

"Bi Hadija, moto!" nikamwambia.

"Moto uningoje. Nywele zangu hazijaonwa na mume wa mtu tangu nivunje ungo."

Tulipotoka hatimaye, Bwana Habibu akageuza kikombe juu chini, kitupu. "Ijumaa tunajaribu mara ya mwisho."

Wenzangu wakasema tufanye kazi tumejifunika. Tukajaribu, mmoja nusura azimie, na kanga zikaota manyoya kama vifaranga. Nikamwomba Mungu anionyeshe njia. Nikiwa bado kwenye mswala nikaukumbuka mlango wa nyuma. Ule unafungukia uani, kuna ukuta wa mawe na lango la kutokea minazini, wanaume hawapiti. Lakini Bwana Habibu aliutia kufuli kwa kuogopa wezi, na marobota yakaegemezwa hapo.

Nikamwendea. "Bwana, tufungulie ule mlango tukiwa kazini. Kanga tutazitundika kwenye kamba ya uani. Mtu atakimbilia stara yake, hatarundikana ndani kuitafuta."

"Na sufi yangu ikiibwa?"

"Ikiungua, Bwana, utamshitaki nani?"

Akanitazama, akacheka kidogo, akanipa ufunguo. Marobota tuliyasukuma wenyewe.

Ijumaa kikagongwa. Nikasema Bismillahi, mlango huo, tukamwagika uani. Na wa kwanza ni nani? Bi Hadija! Mkononi bado ana donge la sufi lenye mbegu. Bwana Habibu akaita kutoka nje ya lango, "Mmeshatoka?" Bi Hadija akamjibu huku anajifunika, "Zamani, Bwana! Kahawa yako haijapoa?" Bwana akazunguka, akaingia ghalani kwa mlango wa mbele, akamkuta paka peke yake.

Kazi imebaki yetu, dada. Ufunguo ninalala nao mimi, na kila asubuhi naufungua mlango ule kabla mtu hajagusa sufi. Ajali ni ya Mungu, lakini njia ya kutokea ametuachia tuifungue wenyewe. Kwa hiyo sirudi, usinikasirikie.

Nisalimie mama, umbusu mikono. Nisalimie shemeji, mumeo, na wifi yetu mke wa kaka, na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyetushikisha kalamu.

Na ile kanga yangu nzuri uliyoizuia sandukuni siku ya safari, ukasema nitairudia, mpe yeyote ajaye Lindi. Kwenye kamba ya uani nimeiachia nafasi, karibu na mlango.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanaisha