Ngamia Kumi na Wawili Kwenye Ramani ya Habaswein

Nyinyi wazee wazima mliojazana kwenye duka la nguo kupigia kelele ngamia wa karatasi, hamna haya? Ngamia hao hawana tumbo, hawawezi kumaliza hata kikombe kimoja cha maji ya mtu, na nyinyi mmemliza msichana wa watu. Kaeni hapo hapo, nitawarudia. Wasomaji wengine, someni barua yake ndipo mtajua kwa nini nimekasirika.

*

Mpendwa mshauri wetu, Ayeeyo Rukiyo,

Assalamu alaykum. Naomba msaada wako, bibi yangu, maana nimebaki sina wa kumwuliza, mama nikilia naye analia, na adeer wangu Mahat, ndugu wa baba, hasemi nami tangu Ijumaa. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mitatu, mzaliwa wa hapa Garissa mjini, kazi yangu ni kuchora, ndimi niliyechora yale meno makubwa kwenye ukuta wa mtu wa meno pale sokoni na mabirika kwenye hoteli za chai, na mwaka jana nikaanza kuchora ramani za miji, si zile za serikali zenye mistari mitupu bali ramani zenye watu ndani yake, mwenye duka mlangoni, mbuzi juu ya gari bovu, mama anayemimina maziwa.

Nikitaka kuchora mji hutembea kwanza nikihesabu hatua, msikitini hadi sokoni, sokoni hadi barabarani, halafu hukaa kivulini na daftari na kuuliza nani anauza nini na mlango wake unaangalia wapi, nikirudi nyumbani naunganisha vipande vyote kwenye karatasi moja kubwa kwa penseli, napitisha wino, mwisho naweka rangi za maji. Ramani ya Garissa ilipotundikwa dukani kwa Adeer Mahat watu walikuja makundi makundi kutafuta mapaa ya nyumba zao, mmoja alicheka mpaka akakaa chini alipojiona anavutana na punda wake aliyegoma.

Sasa kuna kampuni ya vitabu Nairobi imeniita niende mwezi ujao na jalada la kazi zangu, wanataka miji mitatu, nami nina Garissa, Griftu na Habaswein, na hiyo ya Habaswein ndiyo nzuri kuliko zote, Ayeeyo, na ndiyo iliyonitia matatani. Nje ya mji nilichora kisima na ngamia kumi na wawili wanaokunywa maji, na ili wapendeze nikawatia shingoni alama ya kuchoma niliyoinakili siku moja soko la mifugo, nimekuchorea hapa chini uione, niliichagua kwa sababu imejipinda vizuri kama mwezi mchanga, basi.

Nilipoitundika nayo dukani kwa Adeer, Mzee Guleid, mfugaji wa ngamia, akaingia kununua kikoi, akaiona, akapaza sauti, “Mashallah! Hawa ni ngamia wangu!” na kesho yake akaniletea mbuzi jike mweupe. Siku ya tatu wakaja wazee ambao babu yao ndiye aliyekichimba kile kisima, mmoja akagonga meza kwa bakora akisema, “Nani ameandika maji yetu kwa jina la Guleid?” Adeer akamwambia, “Mzee, hii ni karatasi tu.” Yule mzee akamjibu, “Hata hati ya shamba ni karatasi tu.” Nikasema basi nitaweka alama yenu nyinyi, na Mzee Guleid, aliyekuwapo naye dukani, akasimama akasema nikifanya hivyo nimewafukuza watu wake wanaonyweshea pale kila kiangazi.

Wino haufutiki, Ayeeyo. Nilijaribu kumfunika mmoja kwa rangi, akaonekana kama ana upele. Adeer anasema niichome ramani yote na nirudie meno na mabirika. Nikiichoma nitafika Nairobi na miji miwili walipotaka mitatu, na nafasi itakwenda kwa mwingine, nikienda nayo ilivyo sitaweza tena kukanyaga Habaswein kwa shangazi yangu aliyenilisha wiki tatu nikichora. Nifanye nini?

Mimi mwenye huzuni,
Hinda, Garissa

*

Naa Hinda, futa kamasi tusikilizane.

Mimi shule niliichungulia dirishani tu nikipeleka maziwa, hata barua yako nimesomewa. Lakini nimechunga ngamia kabla mama yako hajazaliwa, na ngamia namsoma haraka kuliko wewe unavyosoma gazeti hili. Sasa nikuulize. Hatua za msikitini hadi sokoni ulizihesabu. Mlango wa duka unaangalia wapi, uliuliza. Ya ngamia ulimwuliza nani? Hukumwuliza mtu! Umechukua alama ya watu ukaipachika shingoni kama anayedarizi ua kwenye mto. Hiyo alama ni jina, msichana. Ukiandika jina la mtu kwenye ngamia aliyeinamisha shingo kisimani, umeshasema maji ni ya nani. Mtoto wa miaka sita wa Habaswein anajua hivyo, na wewe wa mjini mwenye daftari hujui. Kosa ni lako. Limeze.

Umelimeza? Haya, sasa cheka kidogo, maana kuna jambo hujaliona. Serikali imetuletea ramani zake miaka na miaka, zimetundikwa ofisini zikaliwa na mchwa. Nani aliwahi kuzigongea meza? Nani alizitolea mbuzi? Hao wazee wameisoma ramani yako kama wanavyosoma nyayo mchangani. Walimwona ngamia, wakaona maji, wakaingia humo kwa miguu yao wakaanza kugombana. Wallahi, wewe unajua kuchora.

Nami nilikwenda kuiona ile ya Garissa. Nilijikuta pale sokoni nimekaa na vibuyu vyangu. Umenichora mnene, hilo tutaliongea mimi na wewe ana kwa ana. Nilirudi siku tatu mfululizo kujitazama.

Na wewe Mahat, usidhani nimekusahau. Watu walipojaa dukani kwako kutazama picha, wakatoka na kitambaa begani, hukusema ichomwe. Leo bakora moja imegonga meza yako, unataka kiberiti. Mkeka tulioezekea nyumba yetu ulipotoboka kule malishoni, tulichoma nyumba? Tulishona kiraka, tukaupakia mgongoni mwa ngamia, tukahama nao. Zungumza na mtoto wa ndugu yako leo kabla ya Adhuhuri.

Hinda, ile alama uliyonichorea naijua. Watu wa Guleid huichoma shingoni upande wa kushoto, kulia hawagusi. Na wale wenye kisima huchoma pajani, kushoto pia. Ulipoandika alama zimeonekana shingoni kwa wote kumi na wawili nikajua umewachora wote wanaangalia kushoto. Basi si wageuze! Walete kisimani kutoka upande wa pili, watuonyeshe ubavu wa kulia ulio safi. Mmoja mchore amekuja uso kwa uso, maji yanamdondoka midomoni, kope ndefu, anatutazama kwa dharau kama wanavyotutazama wote. Hapo ni ngamia wa nani? Guleid ataona wake. Wenye kisima wataona wao. Mimi nitaona wale wa marehemu baba yangu, na huyo wa mbele nitampa jina. Na hujadanganya mtu, maana upande wa kulia wa ngamia ndivyo ulivyo.

Wale wa zamani wakate kwa wembe, polepole, kisima kibaki mahali pake. Hao wapya wachore kwenye karatasi ya aina ile ile, uibandike kwa nyuma, rangi zikutane. Lakini kabla ya wino, nisikilize vizuri, penseli ikiwa bado inafutika, ukawaonyeshe wanawake watatu waliowahi kuchunga. Wanawake, nimesema. Wanaume wataanza na babu zao, na wewe una safari. Fanya hivyo kwa kila mji utakaouchora maisha yako yote.

Wale uliowakata usiwatupe. Wapange kwenye kadibodi umpelekee Guleid akawatundike ukutani kwake. Nyumbani kwake ni mali yake na hapana maji ya kugombania. Mbuzi wake usimrudishe, utamvunjia heshima. Mwambie hivi, “Adeer, mbuzi wako ndiye nitakayewakaribishia wageni.” Ramani ikikauka, achinjwe, na wazee wote waitwe dukani kwa Mahat, wa Guleid na wa kisima, wale pilau sinia moja chini ya picha. Nami nitakuja, sihitaji kualikwa. Atakayeinua bakora nitamnyang’anya.

Nyinyi wazee, niliahidi kuwarudia. Mkifika, tazameni kwanza, mle, halafu mseme mashallah. Hayo mengine mwachieni kisima, kimewanywesha babu zenu wote bila kuuliza.

Nairobi wakikuuliza kwa nini ngamia wote wamekuja kutoka upande mmoja, usione haya. Wape hadithi nzima, na upele, na bakora, na mbuzi. Wenye ramani nzuri watakuwa wengi kwenye hiyo foleni yao. Mwenye ramani iliyosimamisha wazee wa koo mbili dukani utakuwa wewe peke yako.

Sasa weka gazeti chini, chukua penseli, ukawageuze ngamia.