Geti la Hobart

Barabara ya Stamper, Kentucky
6 Februari 1994

Mdogo wangu Retha,

U hali gani huko ng'ambo ya malisho? Mimi mzima, ila goti linanisumbua kwa baridi hii. Najua utacheka kupata barua yenye stempu kutoka nyumba unayoiona dirishani. Lakini tuliandikiana miaka ishirini ulipokuwa Ohio, na mpaka leo nikiwa na neno zito la kukwambia, tukishika vikombe vya kahawa tu naishia kuwasengenya watu wa kanisani. Kwa hiyo naandika.

Ni kuhusu Hobart. Jana aliniuliza mimi ni mke wa nani. Nikamwambia wako, bahati yako mbaya. Akacheka, akasema kumbe uzeeni nimepata mke mzuri. Nikaingia chooni nikalia.

Sasa kila asubuhi nakuta buti zake zina matope na mikono yake inanuka farasi. Nadhani huwa anakuja kwako. Ni miaka kumi na moja tangu tukuuzieni shamba, wewe na marehemu mumeo Dewey, lakini kichwani mwake bado ni lake, na barabara bado ina jina la baba yake, basi utamwambia nini? Kama anakusumbua niambie kweli, nitafunga mlango na ufunguo nitauficha. Ila nikimfungia ndani, Retha, sijui atabaki na nini.

Dadako,
Imogene


8 Februari 1994

Dada Imogene,

Salamu zimefika, na pole kwa goti. Nenda kwa daktari, acha ubishi. Mimi sijambo, na farasi wote saba hawajambo.

Ndiyo, anakuja. Tangu Oktoba anakuja, jua likichomoza tu. Anasimama getini anamwita Duchess, yule farasi jike wake aliyekufa zamani, na farasi wangu kikongwe Molly anaitika badala yake, anapewa tufaha, na wote wawili wanaridhika. Mimi ananiona msichana wa kazi. Wiki iliyopita kanifukuza kazi mara mbili. "Wee binti, geti linalia kama nguruwe, mafuta yako ghalani huyaoni?" Nikasema samahani, bosi. Na kweli nililipaka mafuta.

Usimfungie. Mnyororo wa geti nimeutoa, asihangaike nao kwa vidole vile. Kila asubuhi namwekea kahawa kwenye kikombe cha bati juu ya nguzo, naye hunirudishia kikombe kitupu na lawama kwamba imepoa. Nakuandikia hapa ili moyo wako utulie: shemeji haombi ruhusa kwangu. Aje anapotaka.

Mdogo wako,
Retha


19 Aprili 1994

Dada,

Sijui nikusalimu vipi. Natumai huko hospitali Lexington wamekupa hata kiti cha kulalia.

Unastahili kujua ilivyokuwa. Yule jike mpya niliyemnunua Machi alizaa Jumapili. Nilikuwa nimewatenga yeye na mtoto wake malisho ya nyuma, lakini mvua ilijaza maji kule, nikawahamishia haya ya getini Jumatatu jioni. Kila kitu nilikumbuka, nyasi, maji, majani makavu ya kulalia. Mnyororo wa geti sikukumbuka kuurudisha. Asubuhi kahawa ilikuwa bado jikoni niliposikia Hobart anaita, "Duchess! Njoo, mama." Nilipotoka alikuwa ameshamfikia kwa nyuma, mkono ameunyoosha. Jike mwenye mtoto mchanga hamjui Hobart wala Duchess. Lilikuwa teke moja tu. Nilikimbia, dada, lakini miguu yangu nawe unaijua.

Wakili wa bima ya shamba langu amenipigia simu. Anasema nisije hospitali, nisiongee nawe, nisiandike, na hasa nisiseme pole, maana kila pole ni kukiri kosa. Kesho analeta karatasi za kutia sahihi. Kwa hiyo naiandika leo, kabla hajafika. Pole, dada. Pole. Pole.

Mdogo wako,
Retha


9 Mei 1994

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi tunasukuma siku. Nyonga ya Hobart wameifunga kwa vyuma, na mbavu zinaungana taratibu. Anawafokea wauguzi kwamba farasi hawajalishwa. Jana kaniuliza, "Yule msichana wa kazi yuko wapi? Mvivu, lakini kahawa anajua." Nikamwambia anakuja.

Retha, mbona huji? Nimesikia alichosema huyo wakili, lakini tangu lini wewe ukamsikiliza mwanamume mwenye tai?

Kuna jambo usishtuke nalo. Bima ya hospitali imeandika kuuliza ameumia kwenye ardhi ya nani. Nimepata wakili mjini, anasema inabidi nikushtaki. Nilitaka kuondoka, akaniambia ni karatasi tu, hapa watu hushtaki ndugu zao kila siku na Jumapili wanakula meza moja, kwa sababu bima ya shamba hailipi mpaka mwenye shamba ashtakiwe. Kwa hiyo ukiona jina langu juu na lako chini, jua kwamba si mimi na wewe. Ni bima na bima. Wewe sema tu ukweli kwamba alikuwa anakuja na ulikuwa unajua, basi, mambo yataisha.

Nimepika maharage na mkate wa mahindi, nimekuwekea kwenye friji. Mlango wa nyuma uko wazi.

Dadako,
Imogene


17 Julai 1994

Retha,

Maharage niliyatupa mwishoni mwa Mei.

Mwezi huu nimemrudisha Hobart nyumbani, kwenye kitanda cha hospitali pale sebuleni. Nilikiweka dirishani ili aone malisho. Sasa anaona mnyororo mpya, kufuli, na kibao cha manjano chenye maandishi ya kuonya watu wasiingie. Anakisoma kwa sauti, neno baada ya neno, kisha ananiuliza kinamhusu nani.

Karatasi za mahakama zimefika. Nilizisoma zote. Humo mume wangu anaitwa mvamizi. Hobart Stamper, wa Barabara ya Stamper, aliyechimba mashimo ya nguzo za uzio ule akiwa na miaka kumi na minne! Na chini yake kuna maneno yako ya kiapo: "Sikuwahi kujua kwamba Bwana Stamper huingia malishoni mwangu. Geti hufungwa kwa mnyororo siku zote." Sahihi ni yako. Ningeijua popote, imenijia kwenye bahasha miaka ishirini.

Wakili wangu kanieleza mara mbili. Aliyeingia kwa kuvizia, mwenye shamba hadaiwi mengi. Lakini ukijua mtu anakuja kila siku, ukamwachia geti, huwezi kumwekea mnyama wa hatari njiani ukakaa kimya. Kisha akauliza, "Mama, huna chochote mdogo wako alichowahi kukuandikia?"

Barua yako ya Februari iko kwenye droo ya vijiko. Ya Aprili pia. Nimemwambia nitatafuta.

Bi. Imogene Stamper


2 Agosti 1994

Dada Imogene,

Natumai Hobart anakula. Namwona dirishani. Asubuhi nyingine huniinulia mkono, sijui ananidhania nani.

Ni kweli, niliapa uongo. Sina pa kujificha. Wakili alikaa jikoni kwangu saa mbili nzima. Hakuniambia nidanganye, huyo ana akili zaidi ya hivyo. Aliniambia tu kwamba bima yangu ni ndogo, na kitakachozidi kitatoka kwenye ardhi, na kwamba kama nilikuwa najua anakuja, basi kitazidi. Kisha akauliza, "Sasa, ulikuwa unajua?" Dewey amelala kule kilimani, dada. Sina mtoto, nina ardhi na hawa farasi. Nikasema sikujua. Lilitoka mdomoni jepesi kabisa.

Mnyororo ni amri ya watu wa bima. Kikombe chake bado kiko juu ya nguzo, sijathubutu kukigusa.

Barua ziko kwako. Ukimpa wakili wako, nitapoteza shamba na pengine nitafungwa, na sitakulaumu hata chembe. Sikuombi uzichome. Hilo sikuombi.

Mdogo wako, kama bado,
Retha


25 Oktoba 1994

Retha,

Hobart alitutoka tarehe kumi na nane, saa tatu asubuhi. Kilikuwa kichomi. Daktari anasema mtu aliyevunjika nyonga kwa umri ule hulala sana, na mapafu huchoka. Alikuwa akiangalia dirishani. Neno lake la mwisho halikuwa langu, lilikuwa la Duchess, nami nimelikubali.

Tulimzika Ijumaa. Nilikuona umekaa ndani ya gari lako nje ya makaburi, injini inanguruma. Sijui kama ni wakili aliyekukataza kushuka au ulijikataza mwenyewe. Nilikusubiri ushuke mpaka mchungaji akafunga kitabu.

Nataka ujue barua zako zilipo. Ile ya Aprili niliichoma jikoni, maana pole zile tatu zilikuwa zangu na nimeshazipokea. Ile ya Februari haikuwa yangu. Asubuhi ya mazishi niliwaomba waniache naye dakika moja, nikaikunja nikaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la Jumapili, upande wa moyo. Watu wamemwita mvamizi kwa karatasi, basi na yeye aende na karatasi yake. Huko aendako, akisimama kwenye geti lolote, anayo ruhusa iliyoandikwa.

Wakili wangu nimemwambia nimetafuta, hakuna. Alinitazama sana. Kesi imekwisha. Deni la hospitali haliwezi kungoja, kwa hiyo nyumba naiuza, na mwezi ujao nahamia kwa binti yetu Tennessee. Shamba ni lako. Usinishukuru, tafadhali. Sikufanya kwa ajili yako, au sikufanya kwa ajili yako peke yako, bado sijui, na nimechoka kujiuliza.

Usiniandikie. Nikiweza nitaanza mimi, kama nilivyoanza ile Februari. Nimekukasirikia, Retha, kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu, na kila jua likichomoza naamka nataka kukupigia simu nikuulize kama amefika.

Toa mnyororo getini. Najua haji. Utoe tu.

Dadako,
Imogene