Shingo Waliyoisifu Kalerwe

Mama Neema,

Mimi si mtu wa kuandika, unajua. Leo nimekaa chini kwa sababu Neema wetu ameanza kujaa shingo.

Unakumbuka yako? Ulikuwa unauza maharage yaliyopikwa sokoni Kalerwe, shingo ikaanza kujaa. Wanawake wa pale wakakusifu. Huku shingo nene ni sifa, mwenye nayo anakula vizuri. Yule muuza nyanya akakuuliza, "Mama Neema, huyo mpakasi wako anakulisha nini?" Ukacheka, ukamrushia maganda. Jumapili ukavaa shanga juu ya uvimbe. Na mimi, mpakasi wa kubeba mizigo ya watu, nikipita na gunia kichwani nasikia raha.

Lakini jua linawaka, wewe unasikia baridi. Sweta mchana, karibu na sigiri ya makaa. Unachambua maharage, usingizi unakuchukua.

Hospitali daktari akakupa maji, akasema meza, yeye anatazama shingo. Akasema tezi ya shingo imevimba, ugonjwa wa kukaa nao, mwili wako wenyewe unaipiga vita. Wewe uliyekimbia vita Kongo ukaniangalia. "Baba Neema, hata huku ndani wamenifuata?" Tukacheka. Daktari hakujua tunacheka nini.

Ukameza vidonge kila asubuhi kabla ya chai. Baridi ikaisha. Shingo ikabaki. Upande mmoja ukawa mgumu kama kokwa ya ovakado. Sauti ikakwaruza, ukaacha kuita wateja, ukawa unagonga kifuniko cha sufuria. Wote tukasema ni ule ule ugonjwa wa zamani. Wewe, mimi, hata mtu wa kliniki. Walipokuja kuchoma sindano ya kupima uvimbe wakakuta saratani, imekaa ndani ya uvimbe ule ule, imeshashuka mapafuni. Ukasema na kile kisauti kilichobaki, "Kumbe mpangaji alijificha nyuma ya mwenye nyumba."

Wakakata. Haikusaidia.

Sasa Neema. Wamempima, ule wa kwanza anao. Wa pili hawajauona. Daktari anasema wengi wenye ule wa kwanza hawapati wa pili, arudi tu kupimwa. Nasikia. Haiingii. Majirani wakaanza kumsifu shingo, nikawatukana. Hawanisalimu tena.

Gunia nabeba. Chakula hakipiti. Naomba Mungu, naona nasema na ukuta.

Tukila, namwekea Neema maji, natazama shingo yake ikipanda, ikishuka. Nilidhani hajui. Juzi akaweka kikombe chini. "Baba, unanizika na mimi bado nakunywa."

Akakichukua tena, akanipa mgongo, akanywa.

Tangu hapo anakunywa hivyo. Mimi nakaa nyuma yake, nasikiliza maji yakipita.

Lala, mama. Huku sina la kukuletea.

Mume wako,
Baba Neema