Gauni la Binti wa Mama Dakika Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Asubuhi ya kwanza bila kadi ya ofisi shingoni. Nimekunywa chai ikiwa ya moto hadi mwisho — anasa! Kampuni ya bima kwaheri. Cherehani iko sebuleni, chini ya dirisha. Kuanzia leo mimi ni fundi wa magauni ya harusi, basi. Mume wangu kaniita bosi mpya, kanibeba juu juu. Nimecheka mpaka machozi.

Baadaye kaja wifi na mtoto mgongoni. Eti anaenda saluni, nimshikie kidogo, si nipo nyumbani tu. Kamfuata jioni.

Jumatano, 5 Machi
Wifi tena. Jirani wa juu naye — mtu wa gesi atapita, nimpokelee mtungi. Nimemwambia mume nahitaji chumba chenye mlango. Akajibu, tena kwa upole, uzuri wa kazi ya nyumbani ni kwamba mtu upo. Upo! Leo sikushona hata pindo moja.

Jumanne, 11 Machi
Nimepata mteja! Kisha nikaitambua sauti kwenye simu. Bosi wangu wa zamani, Mama Dakika Mbili. Tulimbatiza hivyo ofisini kwa sababu kwake kila kazi ni ya dakika mbili, hata ile ya kukesha. Binti yake anaolewa mwisho wa mwezi, na mama hataki fundi mwingine. Mdomo wangu ukasema karibu sana, mimi mwenyewe bado nafikiri.

Ijumaa, 14 Machi
Anapiga asubuhi, mchana, jioni. Lesi ipunguzwe. Lesi irudishwe. Tena aliyekalia kiti changu haelewi faili za madai, basi nimwelekeze kwa simu. Nimemwelekeza! Mtoto wa wifi analia mapajani, pini mdomoni, nami naitikia "ndiyo, bosi." Sasa nilihama nini?

Jumamosi, 22 Machi
Naandika chooni. Nimetia komeo, nimefungulia bomba.

Wamekuja kujaribu gauni mara ya mwisho. Mama mtu kaketi kwenye meza yangu ya kukatia, laptopu juu ya shela. Binti nikamwingiza chumbani kwetu. Msichana mpole, tangu tuanze hajanipa neno zaidi ya asante. Nimepiga magoti nabana pindo, naona tone limedondoka kwenye satini. Nikadhani nimemchoma.

"Anti, sitaki."

"Hutaki lesi?"

"Sitaki kuolewa."

Nikamuuliza mwanaume ana kasoro gani. Hana, kasema. Ni kwamba kachaguliwa na mama, kama chuo, kama gauni hili. Kisha akanong'ona, macho kwenye kioo:

"Wewe ulimwambiaje mama kwamba unaondoka?"

Ofisi nzima inaamini nilimkabili uso kwa uso. Hata mume wangu huwasimulia wageni, kwa madaha. Kumbe nilisubiri asafiri, nikawaaga watu wa utumishi, nikatimua.

Nikabana pini nyingine.

"Limemkaa?" mama yake akaita kutoka sebuleni.

"Zipu imekwama!"

Zipu haina neno. Nikamwambia binti anisubiri kidogo, nikakimbilia huku.

Viatu vinakuja koridoni. Vimenipita. Anagonga mlango wa chumbani. Kitasa kinatikiswa — binti kajifungia!

"Fungua, mwanangu. Unanichelewesha."

Kitasa tena.

"Fungua!"

Na ile sauti ndogo, safari hii bila kunong'ona:

"Muulize anti. Nimemwambia yeye."

Ee Mungu wangu. Viatu vinarudi. Vimesimama hapa. Naona kivuli chake chini ya mlango. Ananiita kwa jina, polepole, kama alivyokuwa akiniita kwenye vikao.

Nimefunga bomba. Nimeshika komeo. Bado sijalivuta —