Waya wa Ra

Kitale,
Jumapili jioni.

Kwako Mayi, mama yangu mpendwa,

Mulembe. Nakusalimu wewe na wote walio hapo nyumbani Malakisi, na kama bado unasoma kwa miwani ile iliyofungwa uzi, nimejitahidi kuandika kwa herufi kubwa. Goti linaendeleaje? Dada Phelista aliniandikia kwamba siku hizi unaenda kanisani na mkongojo, na ukifika unauficha chini ya benchi ili wanakwaya wasiuone. Nilicheka peke yangu. Ng'ombe naye ameshazaa, au bado anawazungusha? Mimi mwili wangu ni mzima, nakula vizuri, na huku Kitale mahindi yamefika kifuani.

Mama, najua umekasirika. Dada yangu hakunificha. Alisema umenipigia simu tangu Pasaka, ukapiga asubuhi na ukapiga jioni, ukaazima hata simu ya jirani yetu Lenah ukidhani nimeifungia namba yako. Kisha ukamtuma aniletee neno, kwamba mtu asiyetaka kukusikia ukiwa hai asije kukulilia ukifa. Nimekaa na neno hilo siku nyingi. Ningependa kukuambia kwamba lilinitoa machozi, lakini ningekuwa nakudanganya. Nililisoma, nikarudisha simu mfukoni, nikaendelea na kazi. Nimekufa ganzi, Mama, kama mguu ulioukalia muda mrefu: unauona, unajua ni wako, lakini ukiufinya haukuambii kitu. Hata hivyo sitaki kutolewa katika hesabu ya watoto wako. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nitaanzia kwenye gitaa, maana mambo yangu mwenyewe sijui kuyaeleza bila kupitia hapo.

Unamkumbuka Chelimo, yule dada wa Endebess mwenye bendi, niliyemleta nyumbani tulipoanza kufanya kazi pamoja. Ulimuuliza kama huo muziki wake wa rock unamtukuza Mungu au ni kelele tu, naye akakujibu kwa adabu kwamba ni kelele, Mama, ila imepangwa. Ulimpenda tangu hapo, ingawa hukukiri. Yeye ndiye mwenye gitaa na ndiye mpigaji. Mimi ni fundi wake, yaani yeye hulipiga nami hulilea. Tumezunguka nalo Eldoret, Kisumu, Webuye, hadi ng'ambo ya Malaba, na kila safari nimelilaza magotini mwangu kwa sababu siwaamini wanaopakia mizigo.

Ni gitaa jekundu, lakini wekundu umebaki kandokando; pale mkono wa Chelimo unaposugua, rangi ilikwisha kitambo na ubao unaonekana. Shingo yake iliwahi kuvunjika mtu alipolikalia, nikaiunga kwa gundi ya seremala na kuifunga kwa mpira wa baiskeli mpaka ikashika. Tangu siku hiyo lina tabia zake. Ukiwa nalo kwenye baridi ya Endebess linakaza. Ukilishusha Bungoma kwenye joto linalegea, na waya wa kwanza kushuka sauti ni ule mnene wa pili. Pale nyaya zinapopita kichwani nilikuwa nasugua ncha ya penseli ili zisikwame, na Chelimo akawa anasema mtoto wa mwalimu hatengani na penseli. Waya wa so ulikuwa na mkwaruzo kidogo mwishoni, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kuomba. Fundi mwingine angeuondoa mkwaruzo huo. Mimi niliuacha kwa sababu niliupenda.

Nyaya zenyewe tuliziita kwa majina uliyonifundisha kwenye kwaya: mi, la, re, so, ti, mi. Lakini wewe unajua, na usikatae, kwamba kwenye kwaya yako hakuna la wala re. Kuna do, le, mi, fa, so, ra, na kanisa zima linaimba hivyo, wazee kwa watoto. Siku ya kwanza nilipomwambia Chelimo kwamba waya wa ra umeshuka, aliketi chini kwa kicheko. Wahome, mpiga ngoma wetu, alinitania wiki nzima, naye ni mtu wa Nyeri ambaye l zake mwenyewe haijulikani alizipoteza wapi. Nyani haoni kundule. Mwishowe ra ikawa lugha ya bendi. Miaka yote hiyo, Chelimo akigeuka jukwaani akasema ra, nilikuwa nimemfikia kabla hajafunga mdomo.

Kuna la nyingine, nayo ni yako vilevile. Watoto wa majirani walikatazwa kwa hapana. Sisi mwalimu wa Kiswahili alitukataza kwa la. Nikitaka kwenda kuogelea mtoni, la. Phelista akitaka kusuka nywele wakati wa mitihani, la. Hiyo hukuikosea hata siku moja. Ulimi ulipanda ukagusa nyuma ya meno, ukatulia pale ili tuuone vizuri. Marehemu baba alikuwa akisema kwamba mke wake ana ra ya kuimba na la ya kukataza, na mwenye akili ajue ni ipi imetoka.

Sasa nikuambie ya Bungoma. Mwezi wa sita tulialikwa kucheza hapo mjini, uwanjani, mchana. Ndiyo, nilikuwa karibu nawe hivyo na sikufika nyumbani. Kwa Chelimo ilikuwa siku kubwa, kwa sababu walikuja wageni kutoka Kampala waliotaka kumsikiliza kabla ya kumpa ziara ya kuzunguka Uganda yote. Tulikuwa tumelitoa gitaa Endebess asubuhi ile, kwenye ukungu, tukalitia kwenye jua la Bungoma. Nilijua ule waya mnene wa pili utashuka tu. Nikaandaa gitaa la akiba, nikalishika mkononi, nikasimama kando ya spika kumngoja anipe ishara.

Katikati ya wimbo wa pili aligeuka akanitazama. Niliuona ulimi wake ukipanda ukagusa nyuma ya meno. La.

Nikasimama palepale. Nilielewa ananikataza nisiende. Akageuka mara ya pili, jasho linamtiririka, akasema vilevile, la, nami nikamwitikia kwa kichwa kwamba nimeelewa, nikarudi nyuma kidogo ili aone jinsi ninavyotii. Alimaliza wimbo mzima na waya umelegea. Watu wetu wana heshima, lakini siku hiyo walicheka, na wengine wakaondoka kutafuta soda. Wale wa Kampala hawakungoja wimbo wa mwisho. Ile ziara wamewapa wengine.

Wahome alinijia juu tukipakia vyombo, mishipa ya shingo imemsimama. Chelimo alingoja mpaka kesho yake, tulipokuwa tumerudi Kitale kwenye chumba chetu cha vyombo, nyuma ya duka la mbegu. Alitaka nimweleze kwa nini nilimwacha aaibike na gitaa la akiba liko mkononi mwangu. Nikamjibu kwamba yeye mwenyewe alinikataza, alisema la. Akaniambia kwamba alisema la, ndiyo, waya wa la. Mbele ya watu wa Bungoma alihofia kutamka ra, wasije wakadhani mgeni kutoka mlimani amekuja kuwacheka ulimi wao, kwa hiyo akalisema kama kitabu kinavyotaka. Alifanya vile kwa kutuheshimu, Mama. Kisha akaniambia jambo ambalo mimi sikulijua: kwamba mara ya tatu alinipa mgongo akaita kwenye maikrofoni, waya wa la, Wamalwa, waya wa la, na uwanja mzima ulisikia. Akaniuliza, mimi nilikuwa wapi?

Nilikuwa palepale kando ya spika.

Mama, sisikii. Sikio la kulia lilianza kupotea mwaka juzi, upande ule wa spika, nikadhani ni mafua. La kushoto likafuata. Kuna kidude kinachobanwa kichwani mwa gitaa, waya ukikaa sawa kinawasha taa ya kijani, na kwa muda mrefu nimekuwa nikifanya kazi kwa taa hiyo na kwa midomo ya watu. Wakicheka, nacheka. Wakinyamaza, najifanya nina kazi. Daktari wa masikio kule Eldoret alinipima, akaniandikia kwenye karatasi kwamba mishipa ya kusikia imekufa, na kwamba mashine ya masikioni inaweza kuniletea sauti nzito, si maneno. Nilimshukuru, nikatoka, nikanunua chapati mbili nikala nimesimama. Nilingoja niumie, sikuumia.

Sijakukasirikia, wala sikuringa. Niliona aibu. Ulikuwa ukinisimamisha mbele ya kwaya nikiwa mdogo, unanishika masikio yote mawili, unawaambia watu haya Mungu aliyatengeneza pole pole. Ningekuambia vipi kwamba nimeyamaliza kando ya spika? Kila ulipopiga, simu ilitetemeka mezani, nikaliona jina lako, nikaitazama mpaka ikatulia. Ile siku uliyomlalamikia Phelista kwamba niliipokea kisha nikakukatia bila hata salamu, ni kweli niliipokea. Niliiweka sikioni. Nilijua unaongea, kwa sababu dakika zilikuwa zinahesabika kwenye kioo. Sikupata hata mvumo. Nikakata.

Chelimo hakunifukuza. Alipoelewa, alifunga mlango, akaketi juu ya spika, akalia kwa niaba yetu wote wawili, mimi nikiwa nashika kitambaa cha kufutia gitaa. Anataka nibaki. Anasema mikono yangu bado inalijua, na mambo ya sauti atayasikiliza yeye. Sijamjibu.

Jambo la ajabu ni kwamba gitaa lile ninalo lote kichwani. Nikifumba macho nasikia waya wa so ukisafisha koo, nasikia ra ikishuka taratibu kwenye joto, nasikia hata mlio wa kidole cha Chelimo kinapoteleza. Basi juzi nikasema ngoja nikusikie na wewe. Nikafumba macho. Niliona midomo yako, nikaona mkono wako ukiongoza kwaya, nikangoja sauti. Haikuja. Mara ya mwisho kukusikia vizuri ilikuwa Krismasi ya mwaka juzi. Ulipiga nikiwa kazini, nikaibana simu begani, na sikio la pili nimelielekeza kwenye gitaa, nikawa nakujibu ndiyo Mama, sawa Mama. Ulizungumza sana siku ile. Sijui ulikuwa unaniambia nini. Mama, hapo ndipo ganzi ilipokatika, na iliniuma vibaya, na bado inauma ninapoandika.

Nitakuja Jumamosi, usichinje kuku. Tutaketi nje penye mwanga, unitazame usoni ukiongea, na nikikujibu mambo ambayo hukuuliza usidhani nimekudharau. Kwaya usiiambie kwanza. Phelista mwambie, na umwambie nashukuru kwamba hakunificha neno lako. Lenah nisalimie, na umwombe radhi kwa simu yake.

Nawe usiache kunipigia. Ikitetemeka nitajua ni wewe, nitapokea, nami ndiye nitakayesema: nimeamka vyema, nimekula, niko Kitale au niko wapi. Wewe utanisikia. Ukitaka kunijibu, nijibu tu. Ila ukimaliza, tafadhali ukate wewe, maana mimi nitakuwa nimeshikilia simu na sitajua kwamba umekwisha nyamaza.

Ni mimi mwanao, ukinikubali bado,

Wamalwa