Kifuniko Kilichotoboa Bati

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, baada ya mvua

Mpendwa mjukuu wangu mkubwa,

Hujambo huko uliko? Mkeo na watoto hawajambo? Kifua kimepoa, au bado unakohoa kama trekta bovu? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yamegoma. Mwandiko wangu usiucheke, umenilipia shule wewe?

Kilichonikalisha chini ni mdogo wako, mwalimu. Chuo chao hakina vifaa, basi anaviunda mwenyewe uani kwangu, ili vijana wake wa uinjinia waone kwa macho jinsi joto linavyofanya kazi. Sikatai. Ndoo ya rangi aliizungushia godoro kuukuu, maji yakakaa moto hadi asubuhi. Nilijivuna mpaka dukani.

Kisha akachukua sufuria yangu ya presha, ile uliyoniletea wewe. Akatoboa kifuniko, akafunga saa ya kupimia mvuke aliyoipata gereji. Akaibandika motoni, mshale ukapanda kidogo tu. Akasema, "Bibi, wa viti vya nyuma hawataona kitu." Unajua alichofanya? Tundu la kutolea mvuke akaliziba kwa boliti. Na digrii yake hiyo.

Kifuniko kiliruka, kikatoboa bati. Mimi nilikuwa nimeingia ndani kufuata chumvi. Yeye aliungua mkono, anauficha ndani ya shati la mikono mirefu. Chuoni hawajui.

Ukadhani ameacha? Kifuniko amekinyoosha kwa nyundo. Chuo kikifunguliwa anakipeleka darasani, watoto wa watu wakizunguke. Nikisema, ananicheka: "Bibi, hii ni sayansi, siyo mchuzi." Nikamwambia mchuzi wangu haujawahi kutoboa paa.

Wewe ndiye fundi wa maboila, na wewe anakuogopa tangu mkigombania blanketi. Mwandikie habari za yule mwenzako wa kazini aliyebabuliwa na mvuke. Mimi ulinisimulia, yeye ukamficha. Usimfiche tena, na maneno matamu weka kando.

Kifuniko nimekitia chini ya godoro langu. Anakitafuta nyumba nzima, namwambia atafute vizuri. Ila mgongo unaniuma, na chuo kinakaribia kufunguliwa. Fanya haraka.

Nisalimie mkeo, shangazi yako, na yule mchanga wenu, Kibogoyo, kama meno hayajaota. Mungu awakinge na moto, wa huko na wa huku.

Wako akupendaye, aliyelalia chuma,
Bibi